Kitambaa cha Victorine

Akina mama na akina baba wa Mikelenge, wa Kasuku na wa ng'ambo ya Alunguli, haya ninayowasimulia yametokea katika ua unaopakana na wangu. Sikuambiwa na mtu. Mimi ni Mama Gisèle, muuza mchele, na kati ya nyumba yangu na nyumba ya Édouard kuna ukuta wa matete tu. Mtu akipiga chafya kule, sisi huku tunamwambia pole. Wenyewe wamenikubalia niyaseme. Wamesema aibu imekwisha kuwapata, basi angalau iwafae wengine.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati mji wetu wa Kindu ulipozungukwa na wapiganaji. Treni haikuja tena, mashamba hayakufikika, na chumvi tulikuwa tunainunua kwa kijiko. Lakini asubuhi ninayoisema ilikuwa tulivu. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, watoto wamerudi kucheza barabarani, na Victorine, mke mpya wa Édouard, alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo huku akiimba kwa sauti ya chini. Mume wake, fundi wa karakana ya reli, alikuwa amekwenda kuketi na wenzake kwenye karakana isiyokuwa na kazi. Mama mkwe wake, Geneviève, alikuwa ameteremka mto Lualaba kutafuta samaki. Aliyekuwa mbali ni Amani tu, mdogo wake Édouard. Alikuwa ametoka mjini kwenda kutafuta muhogo upande wa Kibombo, na bado hakuwa amerudi.

Victorine akaacha kuimba. Aliona vitu vinavyometameta vikicheza upande mmoja wa macho, akajua kinachokuja. Maumivu hayo aliyafahamu tangu usichana wake kijijini kwao Tunda: nusu ya kichwa inapigwapigwa, mwangaza unachoma, harufu ya chakula inageuka kichefuchefu. Mama yake mzazi alikuwa na dawa moja tu, kitambaa kilichofungwa kwa nguvu juu ya nyusi, na kulala mahali penye giza mpaka mambo yatulie. Ndani ya nyumba kulikuwa kumejaa moshi wa kukausha samaki. Basi akatandika mkeka kivulini karibu na mlango, akapasua kikwembe, kitenge cheusi cha zamani, akajifunga kichwa, akainamisha uso magotini.

Sasa ninyi ni watu wa hapa, mnajua macho ya watu yaliona nini. Mwanamke aliyejifunga kichwa kwa kitambaa kilichopasuliwa, ameketi chini mkekani, hasemi na mtu: huyo amefiwa. Na katika miaka ile, nyumba ambayo haikufiwa ndiyo iliyokuwa ya kushangaza.

Mwanamke mmoja aliyepita njiani alimwona, akatupa kikapu chake, akapiga ukelele. Wa pili akaitikia. Kwetu mtu humsaidia mwenzake kulia kwanza, halafu ndipo anauliza anamlilia nani, kwa hiyo kabla jua halijasogea ua ulikuwa umejaa wanawake wanaolia, nami nikiwemo. Victorine alikuwa katikati yetu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kila ukelele ulimwingia kichwani kama msumari. Alijaribu kusema, hatukumsikia.

Wakati huo Geneviève akarudi kutoka mtoni. Alisikia kilio kinatoka kwake. Samaki wakamponyoka.

"Amani! Amani wangu! Mutoto wangu wa mwisho!"

Alijitupa chini, akagaagaa katika mavumbi mpaka kitenge kikamvuka. Sijawahi kumwona mama akilia vile. Victorine akainuka kwa shida, akamwendea, akatapika kabla hajafika, kisha akasema: "Mama, hapana. Hakuna mwenye alikufa. Kichwa njo iko naniuma."

Geneviève aliketi, nywele zimejaa mchanga, akamtazama mkwe wake.

"Kichwa?" akauliza. "Kichwa tu?"

Mmoja wetu akaanza kucheka, mwingine akasonya. Wanawake wakatawanyika wakinung'unika kwamba wametolewa machozi ya bure, na machozi yenyewe siku hizo yalikuwa na kazi nyingi. Édouard aliporudi, habari ilikuwa imemtangulia. Wenzake wa karakana walikuwa tayari wanamwita mume wa mjane.

Kama mambo yangeishia hapo, tungecheka na kusahau. Lakini haukupita muda mrefu, watu waliotoka njia ya Kibombo wakaleta habari ya kweli. Amani aliuawa barabarani, na waliomzika ni watu wasiomjua. Safari hii kilio kilikuwa cha haki. Katikati ya matanga, Geneviève akanyoosha kidole mbele ya umati.

"Ile kitambaa njo ilimuua. Huyu bibi alimufungia mutoto wangu matanga wakati alikuwa angali muzima!"

Hakuna aliyemkatiza. Mama aliyefiwa nani atamkatiza? Victorine alimtazama mume wake, akingoja neno moja tu. Édouard hakumpiga mkewe, hapana, yeye si mtu wa kupiga. Aliingia ndani, akakitoa kile kitambaa cheusi, akakitupa jikoni motoni.

"Ndani ya nyumba hii," akasema, "sitaki tena kuona mwanamuke mwenye kujifunga kichwa. Na neno ya kichwa isisikilike tena hapa."

Hivyo ndivyo maumivu ya Victorine yalivyokatazwa. Lakini maumivu hayajui kusoma amri. Yaliendelea kuja, ila sasa yalikuja kwa siri.

Vita vikaisha. Treni ikarudi, siku inapotaka. Victorine akamzaa Déborah, akaanza kuuza mafuta ya mawese sokoni, karibu na meza yangu ya mchele. Hapo ndipo nilipoona jinsi anavyoishi. Harufu ya mawese yanayochemka ilikuwa inamwamsha yule mnyama wa kichwani, na mawese ndiyo kazi yake. Siku kichwa kikimshika vibaya aligeuza uso kuelekea ukutani, akafumba macho, wateja wakadhani anasali. Kisha akafungua fundo la kikwembe, akatoa kidonge, akakimeza bila maji.

Vidonge alivinunua kwa Djo, mwenye kibanda cha dawa pale kona. Djo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anauza anachoulizwa. Mwanzoni ilikuwa kidonge siku ya maumivu. Baadaye kidonge cha kuzuia maumivu yasije. Baadaye tena kidonge cha asubuhi kabla ya chai, cha mchana, cha jioni, kwa sababu sasa kichwa hakikuwa kinauma siku fulani fulani. Kilikuwa kinauma kila siku, na kila siku kilihitaji vidonge zaidi kuliko jana. Tumbo likaanza kumchoma. Akaacha pilipili, akaacha ndimu, hakuacha vidonge.

Msimlaumu haraka kwamba hakutafuta msaada. Alitafuta kwa kujificha. Alikwenda kituo cha afya, na kwa kuwa alikuwa anaogopa kutaja kichwa alisema ana homa, akapewa dawa ya malaria, tena na tena. Alikwenda kwa mganga mmoja wa ng'ambo, akachanjwa kwa wembe pembeni mwa macho na kupakwa masizi. Makovu hayo aliyaficha kwa kusuka nywele kuelekea mbele. Alikwenda chumba cha maombi, wakamwambia afunge chakula. Alifunga, na njaa ikamletea kichwa kikubwa kuliko vyote.

Na Édouard? Édouard aligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Wageni wakija, Victorine akikwepa jua la mlangoni, Édouard alisema: "Mama Déborah iko na kichwa ya wazungu. Jua ya Kindu inamuchokoza." Wageni wakacheka. Victorine pia akacheka. Je, ndugu zangu, mmewahi kumwona mtu akicheka huku ameshika mlango asianguke? Mimi nimemwona, na mlango wenyewe ulikuwa wa mume wake.

Miaka ikaenda. Déborah akakua, akaingia masomo ya ualimu, akapata mchumba, Franck, kijana wa watu wa Lokandu. Geneviève alizeeka ndani ya kitambaa chake cheusi cha msiba, ambacho hakuna aliyemkataza, lakini jicho lake juu ya kichwa cha Victorine halikuzeeka. Kitambaa cha kawaida cha kupendeza alimruhusu. Akikikaza kidogo tu, mzee alikohoa.

Siku moja Déborah alirudi nyumbani na habari. Muuguzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kuna daktari wa kike anayekuja kutoka Kisangani mara kwa mara, Dokta Christelle, ambaye kazi yake ni magonjwa ya kichwa: maumivu, kifafa, kupooza. Wanamwita neurologue. Wakati huo alikuwa Kindu.

"Mama, njo yeye tulikuwa tunatafuta," Déborah alisema. "Anajua ile kichwa yenye kuuma upande moja. Anapokea wagonjwa kule kwa nyumba ya Masista, kwenye barabara ya uwanja wa ndege."

Édouard alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

"Kwa nyumba ya Masista? Kule wanapeleka wazimu?"

"Papa, dokta wa kichwa na dokta wa wazimu wanatumikia nyumba moja. Njo vile tu. Hakuna nyumba ingine."

Ni kweli, mjini nyumba hiyo tuliijua kwa jambo moja. Huko ndiko watu walikopelekwa wamefungwa kamba, wanapiga kelele juu ya pikipiki, watoto wakiwafuata. Aliyeingia langoni mwake alitoka na jina jipya, na jina hilo halikutoka hata akipona.

"Watu wa Franck watakuja hapa kujitambulisha," Édouard akasema. "Unataka wakute wantu wote wanasema mama ya muchumba anatoka kwa wazimu? Nani ataoa huko? Hapana. Bibi yangu hapana muwazimu."

"Papa, hakuna mwenye alisema mama ni muwazimu. Iko naumwa."

"Anaumwa nini? Mutu mwenye kuumwa hauzi mafuta kila siku."

Geneviève, aliyekuwa anatengeneza sombe, majani ya muhogo, hakuinua uso. "Ile kichwa ilisha kula mutoto wangu moja," akasema. "Sasa inataka kula ndoa ya mujukuu wangu."

Déborah alimgeukia mama yake, akangoja aseme. Victorine akainama. "Acha, mutoto wangu. Papa yako anasema kweli. Tungoje kwanza ndoa ipite."

Ndugu zangu, nilisikia neno hilo kupitia matete, na nilichukia. Mwanamke alikuwa ameaibishwa muda mrefu hata aibu akaishika mwenyewe, kama mfungwa anayetunza ufunguo wa mlinzi. Dokta Christelle akarudi Kisangani bila kumwona.

Siku ya watu wa Franck ikafika. Ua ulifagiliwa, viti vikaazimwa kwangu na kwa majirani, samaki wakubwa wakakaangwa, wali wetu wa Maniema ukapakuliwa. Victorine hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Alikuwa amemeza vidonge tu, vingi, ili asimame wima siku hiyo moja. Alivaa kikwembe kipya, akatoka na beseni la kunawisha wageni mikono. Mjomba wa Franck alinyoosha mikono. Victorine akamwaga maji kando ya viganja.

"Mama, unaumwa?" mjomba akauliza.

"Hapana, baba. Ni furaha," akajibu.

Akaanguka. Alipofungua mdomo kutapika, kilichotoka kilikuwa cheusi kama kahawa, kisha kikawa chekundu, kikamwagika juu ya kikwembe kipya na viatu vya mgeni. Franck na mjomba wake ndio waliombeba hadi barabarani. Édouard alikuwa amesimama na taulo mkononi, hajui amfute mkewe au awafute wageni.

Hospitalini walimwongezea damu, Déborah akatoa, Franck akatoa. Alikaa kati ya kupona na kutuacha kwa siku kadhaa. Daktari wa zamu akamwita Édouard pembeni, mimi nikiwa karibu nimeshika sufuria ya uji.

"Bibi yako anakunywa dawa gani ya maumivu?"

"Sijue, dokta."

"Tangu wakati gani?"

"Sijue."

"Anaumwa wapi?"

Neno alilolikataza nyumbani kwake lilikataa kumtoka Édouard. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo: "Kwa kichwa."

Alitumwa nyumbani kuleta shuka. Alipoinua godoro, karatasi tupu za vidonge zikamwagika miguuni kwake kama maganda ya karanga, upande ambao mkewe alilalia miaka yote, kando yake. Nilipomfuata nilimkuta ameketi chini katikati ya karatasi hizo. Sikumwonea huruma. Leo ninaweza kumwonea, lakini siku ile hapana.

Daktari wa hospitali alisema waziwazi: dawa zimelichoma tumbo, zikirudi tena zitamuua. Lakini bila dawa, kichwa kilimpata kwa nguvu ambayo hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliogopa. Basi kukabaki njia moja. Tulingoja mpaka Dokta Christelle aliporudi Kindu, tukaenda: Édouard, Victorine, Déborah, mimi wa kubeba mfuko, na Geneviève aliyesema hatabaki nyumbani peke yake na mawazo.

Édouard alikuwa amevaa kofia iliyoshuka mpaka machoni. Pikipiki alizisimamisha mbali na lango, tukatembea, na mgonjwa akiegemea bega la binti yake. Langoni Édouard alimsogelea mlinzi, akamwuliza chinichini:

"Papa, mulango ya nyuma iko wapi?"

Mlinzi alimtazama. "Huku hakuna mulango ya nyuma, papa. Wantu wote wanapita hapa."

Barazani kulikuwa na benchi ndefu, na juu ya benchi walikuwa watu tunaowajua. Kulikuwa na muuza mikate wa soko letu na mtoto wake mwenye kifafa. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyepooza mkono. Kulikuwa pia na kijana anayesema peke yake taratibu, dada yake akimshika kiganja. "Baba Déborah, karibu, kaa hapa," mwalimu akasema na kusogea, kama vile tumekutana kanisani. Édouard akaketi. Akavua kofia, kwa sababu haikuwa inamficha kwa mtu yeyote.

Dokta Christelle alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya upole. Kwanza alifunga dirisha upande wa jua, bila kuombwa. Victorine alipoona hivyo akaanza kulia, hata kabla ya swali la kwanza. Daktari akamngoja. Kisha akauliza: inaanza upande gani, inakuja na vimulimuli machoni, mwangaza unasumbua, harufu je, unatapika, ulianza ukiwa na umri gani. Kila swali lilikuwa kama la mtu aliyeishi naye. Victorine alijibu yote akimtazama daktari, na hakumtazama mume wake hata mara moja.

"Mama, ugonjwa yako iko na jina," daktari akasema. "Inaitwa migraine. Hapana wazimu, hapana uchawi, hapana uvivu. Na zile dawa, ukizimeza kila siku, zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Unameza dawa juu ya kichwa, kichwa inakuja juu ya dawa. Tutaziacha. Mwanzo itakuwa mubaya, nisikudanganye. Nitakupa ingine, ya kuzuia, yenye haiunguzi tumbo. Kwa familia yenu kuna mwingine anaumwa hivi? Hii mara mingi inapita kwa familia."

"Mama yangu wa Tunda," Victorine akasema. "Alisha kufa."

"Ni yeye peke?"

Kisha Déborah, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama yake, akasema: "Na miye."

Édouard akageuka. "Weye? Tangu wakati gani?"

"Tangu masomo ya sekondari, papa. Wakati nilikuwa nasema nakwenda kusoma kwa rafiki, nilikuwa nakwenda kulala kwake kwa giza. Niliogopa utanichekea mbele ya wantu, kama vile unamuchekea mama."

Nimeona watu wakitukanwa sokoni, nimeona wezi wakikamatwa. Sijaona uso ukianguka kama uso wa Édouard. Akafuta jasho kwa kofia yake.

Daktari hakumkemea. Alimuuliza Victorine: "Mama, zamani, mbele ya vidonge, nini ilikuwa inakusaidia?"

Victorine alitazama upande aliokaa mama mkwe wake, akateremsha sauti. "Kujifunga kitambaa kwa nguvu, dokta. Na kulala kwa giza. Lakini walinikataza."

"Nani alikataza? Jifunge, mama. Kitambaa haiue muntu."

Hapo ndipo nilipomtazama Geneviève. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na sauti ambayo sisi hatuisikii.

"Haiue muntu," akasema. "Kweli, haiue. Miye najua nani alimuua Amani." Édouard akamshika bega, mzee akausukuma mkono wake. "Acha niseme. Amani alikataa kwenda. Alisema, mama, barabara ni mubaya. Miye njo nilimutuma. Nilimwambia, weye kijana muzima unakaa tu kwa nyumba, bibi ya kaka yako atakula nini? Akaenda na kasirani, hata hakuniaga. Na wakati alikufa, sikuweza kubeba ile. Kosa ilikuwa yangu, nikamuvalisha Victorine. Nikaona anaivaa. Nikanyamaza."

Alisema hayo yote akitazama sakafu. Halafu akainuka, akafungua kitambaa chake mwenyewe kichwani, kile cheusi alichokuwa akikivaa tangu msiba ule, na mvi zake zikabaki wazi mbele yetu sote, jambo ambalo mwanamke wa umri wake halifanyi mbele ya mkwe. Akamsogelea Victorine, akamzungushia kitambaa hicho kichwani. Vidole vyake vilikuwa dhaifu, fundo likamshinda.

"Nisaidie, mama," akasema. Alimwita mkwe wake mama. Victorine akainua mikono, wakalikaza fundo wote wawili.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Wiki za kwanza bila vidonge zilikuwa za kutisha kama daktari alivyosema. Édouard mwenyewe alishona pazia zito la dirisha, vibaya, mishono imepinda kama njia ya reli baada ya mvua. Alichukua chungu cha mawese akawa anachemsha yeye, mbali, mwisho wa ua, wenzake wa karakana wakipita na kumtania. Polepole maumivu yakaanza kuachiana nafasi. Leo Victorine ana siku nyingi nzuri na chache mbaya, na Déborah anatibiwa mapema. Lakini tumbo halikurudi kama zamani. Anakula kidogo kidogo kama ndege, na kazi ya soko amemwachia mtu mwingine. Kilichoharibiwa kwa miaka hakikurudishwa na machozi ya asubuhi moja.

Watu wa Franck walikubali kurudi. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, kichwa kilimshika Victorine tangu asubuhi. Alikuwa amelala ndani, mlango umefunguliwa kidogo, amefungwa kile kitambaa cheusi cha mama mkwe wake. Mjomba wa Franck alipoingia uani alimwona kwa mbali, akasimama, akavua kofia, akainamisha uso.

"Pole sana," akasema. "Nani amekufa?"

Sote tulimtazama Édouard. Mzaha wa kichwa cha wazungu ulikuwa pale pale karibu na ulimi wake, na hata uongo ulikuwa pale, kwamba mama wa nyumba ametoka. Akasimama katikati ya ua, mbele ya wageni na majirani.

"Hakuna mwenye alikufa," akasema. "Bibi yangu anaumwa kichwa. Tangu muda mrefu. Nilikuwa nachekea. Muniwie radhi, na museme polepole."

Wageni wakaketi. Mazungumzo ya mahari ya Déborah yakafanyika kwa kunong'ona, na ndiyo mahari ya kwanza mtaani kwetu kuzungumzwa bila makelele.

MAFUNZO

Ndugu zangu, maumivu ya kichwa hayana jeraha la kuonyesha, na ndiyo sababu sisi tunayafanyia ukatili tusioufanyia mguu uliovunjika. Mtu akisema kichwa kinauma, mwamini kwanza. Anayezidi kuumwa, hasa anayetapika na kukimbia mwangaza, mpeleke kwa daktari anayejua ugonjwa huo, hata kama nyumba yake inatisha kwa jina. Aibu ya langoni hupita, tumbo lililochomwa halipiti. Vidonge vya kona visiwe chakula cha kila siku, na wewe unayeviuza, muulize mnunuzi kwa nini amerudi tena.

Wewe baba unayemchekea mkeo mbele ya wageni, jua kwamba mtoto wako anasikiliza, na anajifunza mahali pa kujificha. Na wewe mwenye kosa usiloweza kulibeba, usimvalishe mwenzako. Geneviève alifanya hivyo, na kila Jumapili sasa ninamwona anakwenda kusali kichwa wazi, amekataa kitambaa kingine.

Ukipita kwetu ukamwona Victorine amejifunga kichwa, usilie. Punguza sauti, ufunge mlango upande wa jua, uulize kama kuna maji ya kuchota.